Kompaila Mpya, Kosa la Zamani: Usakaji wa Hitilafu za Kumbukumbu

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini programu iliyotumika miaka mingi bila tatizo huweza kuvurugika pindi toleo la kompaila linapobadilishwa, na jinsi chanzo cha mvurugiko huo kinavyosakwa.

Kompaila ni mfasiri. Hupokea matini ya lugha kama C++ na kuigeuza kuwa maagizo ya mashine. Kama mfasiri yeyote, huchukulia kwamba mwandishi amefuata sarufi. Sarufi ikivunjwa, kanuni rasmi za C++ haziilazimishi kutoa tafsiri yoyote mahususi.

Mfano bora ni GCC 6 ya mwaka 2016. Toleo hilo lilianza kuchukulia kwamba kielekezi “this”, yaani anwani ya kitu kinachoshughulikiwa, hakiwi tupu kamwe. Hivyo basi, likafuta sehemu zilizokagua utupu huo, likiziona kuwa uradidi. Watunzi wa GCC wenyewe walizitaja Qt 5, Chromium na KDevelop miongoni mwa programu zilizoathirika.

Makosa mengine hufichika zaidi: kuandika nje ya mipaka ya safu, au kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Toleo jipya huweza kupanga data upya, na kilichokuwa kikiangukia pasipo na kitu sasa kikaharibu data muhimu.

Usakaji una njia kadhaa. Kwanza, baadhi ya mafaili hutafsiriwa kwa toleo la zamani na mengine kwa jipya, mradi matoleo hayo yanapatana. Kwa kugawa nusu kwa nusu, faili lenye kosa hubainika. Pili, Valgrind huiendesha programu huku ikichunguza kila matumizi ya kumbukumbu, ingawa huipunguzia kasi mara nyingi. Tatu, AddressSanitizer, iliyoelezwa na wahandisi wa Google mwaka 2012, huzungushia kila kipande cha kumbukumbu eneo la marufuku. Programu ikiligusa, husimamishwa na mstari uliokosea kutajwa. Kasi hupungua takribani nusu tu.

Kurudia kompaila ya zamani si tiba. Kosa hubaki limejificha likingoja toleo lijalo. Kikulacho ki nguoni mwako: kabla ya kumlaumu mfasiri, hatuna budi kuisoma upya matini tuliyompa.