Mabingwa wa Gitaa la Vidole Uingereza (Sehemu ya Pili): Davy Graham na Udi wa Tangier

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi gitaa lilivyoenea mikononi mwa vijana wa Uingereza katika miaka ya 1950, na jinsi wengi wao walivyolitumia kwa kuparaza nyuzi tu, ili wapate kitu cha kufuatia nyimbo zao. Leo tunamfikia mtu ambaye, kwa rai yangu, aliliachia gitaa hilo liseme lenyewe kabla ya wenziwe wote, naye ni Davy Graham, ambaye jina lake halikuvuma kama majina ya waliomfuata, ilhali ni wachache mno miongoni mwao wanaoweza kusema kwamba hawakuchota kwake.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1940 katika mji mdogo wa Market Bosworth, Leicestershire. Baba yake alikuwa Mskoti wa kisiwa cha Skye, mwalimu wa lugha ya Kigaeli, na mama yake alikuwa mwenyeji wa Guyana, katika Amerika ya Kusini. Alilelewa London, pande za Notting Hill, mahali ambapo wahamiaji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakihamia kwa wingi na nyimbo zao, na ajali ya kalamu ya risasi ikamharibia jicho moja angali mtoto. Gitaa alilishika akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akafuata kwanza adabu za gitaa la kiklasiki. Kisha akavutiwa na Steve Benbow, mwimbaji wa nyimbo za kienyeji aliyetembea nchi nyingi akiwa askari, na ambaye mkono wake ulikuwa na athari ya muziki wa Kiarabu. Kabla hajatimiza miaka 20, Graham alikuwa amekwisha kupiga gitaa katika njia za Paris kwa sadaka za wapita njia, na katika mwaka 1959 Ken Russell, mtengenezaji wa filamu, alimwonyesha katika televisheni ya BBC, kijana mkimya wa miaka 18 akipiga peke yake wimbo wa mahaba wa Kimarekani, akiutimiza lahani na besi pamoja bila ya msaidizi.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu bila ya kufahamu kazi ya vidole hapana njia ya kufahamu shani ya mtu huyu. Mpigaji wa vidole hugawa mkono wake wa kulia mafungu mawili: kidole gumba hutawala nyuzi nene na kushika besi kwa mwendo usiokatika, na vidole vingine hutawala nyuzi nyembamba na kutoa lahani, hata asikiaye pasipo kuona hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Msomaji aliyepata kumsikia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye kibao chake cha "Masanga" kilinaswa na Hugh Tracey mwaka 1952, anaijua sanaa hii bila ya kuhitaji maelezo yangu. Graham hakuichukua kutoka Katanga. Aliichukua kwa wapigaji weusi wa bluzi wa Marekani, ambao santuri zao zilikuwa zikifika London, akaitia nidhamu aliyoipata katika gitaa la kiklasiki.

Tunda la kwanza la mchanganyiko huo ni kibao kifupi alichokiita "Anji", kwa jina la msichana aliyekuwa mchumba wake, nacho kilitoka mwaka 1962 katika santuri ndogo ya kampuni ya Topic, aliyoshirikiana na mpigaji wa bluzi Alexis Korner. Katika kibao hicho kidole gumba hushuka hatua tatu, kutoka A hadi G, kisha F, kisha E, mteremko ambao wapigaji wa Andalusia wameutumia tangu zamani. Na wakati gumba linashuka, vidole vingine vinacheza juu yake kwa lafudhi ya bluzi, vikichelewa pale sikio linapotarajia viwahi, na kuwahi pale vinapotarajiwa kuchelewa. Katika vilabu vya Soho, London, kijana aliyetaka kuheshimiwa kuwa mpigaji ilimlazimu kukijua kibao hiki, na wengi walikijua bila ya kumjua mwenyewe.

Walakini mimi siihesabu "Anji" kuwa ndiyo kazi yake kuu. Kazi yake kuu ilitokana na safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Graham alikwenda Morocco, akakaa Tangier, na huko akawasikia wapigaji wa udi. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa udi ni nini, kwa kuwa bila ya udi taarabu ya Unguja isingalikuwa kama ilivyo. Lakini kwa kijana aliyetoka London jambo lilikuwa zito kuliko utamu wa sauti. Shingo ya udi ni laini, haina vijiti vya chuma vya kuzikata sauti, kwa hiyo mpigaji anaweza kusimama katikati ya sauti mbili ambazo gitaa linazijua, akapata robo ambayo gitaa halina mahali pa kuiweka. Tena muziki wa udi hauendi kwa kurundika sauti pamoja kama muziki wa Ulaya. Huenda kwa lahani moja inayozunguka na kurejea kwenye sauti yake ya asili, na kupamba kwake ndiko kunakoonyesha ufasaha wa mpigaji. Graham alitaka kupiga pamoja na watu wale, na gitaa lake, kwa jinsi lilivyolinganishwa, likamkatalia.

Mwingine angaliyachukua mahadhi ya Kiarabu, akayabana mpaka yaenee katika gitaa, akarudi kwao kuyauza kama kigeni cha kuchekesha watu. Yeye alilibadili gitaa. Nyuzi za gitaa kwa desturi hulinganishwa, kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba, E, A, D, G, B, E. Graham alilegeza nyuzi tatu, kila mmoja kwa hatua moja kamili: uzi wa sita ukashuka kuwa D, wa pili ukawa A, na wa kwanza ukawa D, na jumla yake ikasomeka D, A, D, G, A, D. Jambo hili laonekana dogo katika karatasi, na matokeo yake ni makubwa. Ndani ya nyuzi hizo sita, zikipigwa wazi, haimo ile sauti ya tatu ambayo katika muziki wa Ulaya ndiyo huamua kama kinachopigwa ni meja au maina, changamfu au cha huzuni. Hukumu hiyo huachwa wazi, na lahani huwa huru kwenda itakako, wakati nyuzi za D zikiendelea kuvuma chini yake mfululizo. Aidha, uzi wa tatu na uzi wa pili sasa zimekaa jirani kwa hatua moja tu, hata sauti mbili zinazofuatana zinaweza kupigwa katika nyuzi mbali mbali, ya kwanza ikaendelea kulia ndani ya ya pili kama zinavyolia nyuzi za kanuni. Robo za udi hakuzipata zote, wala hakudai kuzipata. Alizikaribia kwa kuuvuta uzi kwa kidole.

Ushahidi wa haya ni wimbo wa Kiayarishi "She Moved Through the Fair", alioupiga kwa gitaa tupu katika santuri ya mwaka 1963. Wimbo huo ni wa Ulaya ya kaskazini, umeimbwa na watu wasiopata kuiona bahari ya Morocco, lakini chini ya vidole vya Graham unafunguka polepole kama taksimu, bila ya kipimo cha haraka, kisha unashika mwendo na kuongeza kasi kwa namna ya raga za Kihindi. Nimeusikiliza nikiwa na shaka, nikitafuta mahali ambapo Ireland inakwisha na Maghrib inaanza, nikakosa. Nyimbo za kale za Ireland na mahadhi ya Kiarabu zote zilikuwa zikitembea kwa lahani moja juu ya sauti moja yenye kudumu, na ujamaa huo ulikuwapo siku zote, ila gitaa la Kizungu lilikuwa limeuziba. Yeye aliusikia, akauzibua.

Baada ya hapo alifanya kazi na Shirley Collins, mwimbaji wa Sussex mwenye sauti isiyo na pambo, katika santuri ya Folk Roots, New Routes ya mwaka 1964, na mwaka uliofuata akatoa Folk, Blues and Beyond, ambamo bluzi, jazi, nyimbo za mabaharia na kumbukumbu za Tangier zimekaa ubavu kwa ubavu. Uimbaji wake mwenyewe, lazima nikiri, ulikuwa wa wastani. Mtu humvumilia ili apate kuyasikia yale yaliyo chini ya sauti yake.

Utajiri haukumjia, wala hakuukimbilia. Hasimuliwi kama mtu aliyedhulumiwa, bali kama mtu aliyeondoka kila mlango ulipofunguliwa: alipoalikwa kwenda Australia, ndege ilitua Bombay, akashuka, akazunguka India kwa miezi kadha. Heroini nayo, aliyoianza katika miaka hiyo hiyo, ilimla nguvu na wakati. Alirekodi kwa vipindi, akafundisha gitaa, akajifunza lugha, na miaka mingi ikapita watu wakiuliza yuko wapi. Santuri yake ya mwisho, Broken Biscuits, ilitoka mwaka 2007, naye akafariki tarehe 15 Desemba 2008 kwa saratani ya mapafu.

Ulinganishaji wake wa nyuzi, kwa upande mwingine, haukusita kusafiri. Ireland wapigaji wengi wa nyimbo za asili waliushika kama wao. Jimmy Page aliutumia katika kundi la Led Zeppelin, na katika "Kashmir" ya mwaka 1975 umo. Pierre Bensusan, Mfaransa aliyezaliwa Oran, Algeria, ameufanya kuwa ndio lugha yake ya pekee katika gitaa, hata mtu aweza kusema kwamba maarifa yale yamerejea Maghrib kwa njia ya mzaliwa wake. "Anji" nayo ilipigwa na Paul Simon katika santuri ya Sounds of Silence ya mwaka 1966, ikasikika katika nyumba ambazo jina la Graham halikupata kufika.

Lakini mrithi aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Edinburgh. Huko, katika klabu iliyoitwa The Howff, Jill Doyle, dada yake Graham kwa mzazi mmoja, alikuwa akifundisha gitaa, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mmoja mtunza bustani, Bert Jansch, ambaye mwaka 1965 aliinasa "Anji" katika santuri yake ya kwanza na kuipiga kwa ukali ambao Graham mwenyewe hakuutia. Habari za Jansch, na za rafiki yake John Renbourn, ndizo tutakazozishika katika sehemu ya tatu.