Kufunga Tovuti Bila Kufungua Duka

Aprili 17, 2009, mahakama ya Stockholm iliwatia hatiani watu wanne waliohusika kuiendesha The Pirate Bay, tovuti iliyowaonyesha mamilioni ya watu njia ya kupata nyimbo na filamu bila kulipa senti. Kila mmoja alipewa kifungo cha mwaka mmoja, na kwa pamoja wakatakiwa kulipa fidia ya krona milioni 30. Kwenye rufaa vifungo vilipunguzwa lakini fidia ikapandishwa. Kampuni za rekodi zilishangilia, na zilikuwa na haki ya kushangilia. Tovuti yenyewe, hata hivyo, haikuzimika. Polisi walikuwa wameshaivamia Mei 2006 na kubeba mitambo yake, nayo ikarudi hewani baada ya siku chache. Miezi sita kabla ya hukumu, katika jiji hilo hilo, Spotify ilikuwa imeanza kutoa muziki kwa idhini ya wenye haki. Anayetaka kujua kwa nini Waswidi wengi waliacha kuiba nyimbo lazima ayatazame matukio hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu sheria ya hakimiliki haishiki pasipo duka halali ambalo msikilizaji anaweza kulifikia na kulimudu.

Marekani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Napster, huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilizaliwa mwaka 1999, ikashtakiwa kabla mwaka haujaisha, na Julai 2001 ikazimwa. Waliofuata walijifunza kutokana na kosa lake: Grokster na LimeWire hazikuweka orodha ya nyimbo mahali pamoja, kompyuta za watumiaji zikawa zinapeana mafaili zenyewe kwa zenyewe. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua mwaka 2005 kwamba anayesambaza programu huku akiwachochea watu kuvunja hakimiliki anawajibika, na LimeWire, iliyofungwa 2010, ikakubali mwaka uliofuata kulipa dola milioni 105. Kampuni za rekodi zilishinda kesi moja baada ya nyingine, na kila mara wasikilizaji walihamia kwingine. Wakati huo huo chama cha kampuni hizo kiliwageukia wasikilizaji wenyewe. Kuanzia Septemba 2003 hadi 2008 kiliwaandama watu wa kawaida zaidi ya 30,000. Katika kundi la kwanza alikuwamo msichana wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000 ili yaishe. Ni vigumu kufikiria tangazo baya zaidi kwa biashara inayotaka kupendwa na vijana. Mapato ya muziki uliorekodiwa yaliendelea kuporomoka muda wote huo.

Sweden inatupa kipimo kizuri zaidi. Aprili 1, 2009, ilianza kutumika sheria iliyowapa wenye haki uwezo wa kupata, kupitia mahakama, utambulisho wa anayetuhumiwa kugawa mafaili. Siku hiyo hiyo mtiririko wa data kwenye intaneti nchini humo ulishuka kwa takriban theluthi moja. Hofu ilifanya kazi. Lakini watu walipoona kwamba wanaofikishwa mahakamani ni wachache, matumizi yakapanda tena. Kilichodumu ni tabia mpya ya kusikiliza kwa malipo ya mwezi au kwa kuvumilia matangazo. Duniani kote mapato ya muziki uliorekodiwa yalifika chini kabisa mwaka 2014, kisha yakaanza kupanda hadi kupita dola bilioni 28 mwaka 2023, na karibu theluthi mbili zilitokana na kusikiliza mtandaoni.

Je, mashtaka yote yalikuwa bure? Sidhani. Spotify iliketi mezani na kampuni za rekodi kwa sababu kuchukua muziki bila idhini kulikuwa kumeshaigharimu Napster uhai wake. Bila hukumu zile, mwenye wimbo angekuwa anaomba hisani. Na kuna kichekesho cha historia hapa: Sean Parker, mmoja wa waanzilishi wa Napster, baadaye aliwekeza fedha zake Spotify na kuingia kwenye bodi yake.

Kwetu Afrika Mashariki sheria hazikukosekana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ya kuisimamia. Kenya iliirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili mwenye haki aweze kumtaka mtoa huduma wa mtandao aondoe kazi iliyowekwa bila ruhusa. Lakini kijana mwenye bando dogo anataka faili alipakue mara moja, aliweke kwenye memori kadi, alisikilize mwezi mzima bila kugusa salio, tena hana kadi ya benki ya kulipia usajili. Tovuti za uharamia zilimwelewa mapema kuliko wauzaji halali. Mdundo, iliyoanzia Kenya na kuingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, iliifuata tabia hiyo badala ya kuikemea: wimbo unapakuliwa bure, tangazo limo ndani ya faili, na mapato yanagawanywa na msanii. Milio ya simu ya Skiza, ya kampuni ya Safaricom ya Kenya, nayo imeonyesha kwamba mtu anayeshusha wimbo bure anaweza kuulipia wimbo huo huo, ilimradi shilingi chache zikatwe kwenye salio lake.

Wapo wanaosema tovuti za uharamia humtangaza msanii, naye hula kwenye maonyesho. Ni kweli wasanii wengi wachanga wa Bongo Fleva wamezipelekea blogu nyimbo zao kwa hiari. Lakini kutoa ni uamuzi wa mwenye mali. Nyimbo zinazofuata huchukuliwa bila kuulizwa, na fedha za matangazo humwendea mwenye tovuti. Isitoshe, mtunzi wa mashairi ya taarabu asiyepanda jukwaani hana kiingilio cha kugawana, wala prodyuza. Wengine husema maskini asingenunua hata hivyo, kwa hiyo hakuna hasara. Hoja hii ina uzito: utafiti wa wachumi Oberholzer-Gee na Strumpf wa 2007 ulidai athari ya upakuaji kwa mauzo ilikaribia sifuri, ingawa wachumi wengine waliupinga vikali. Ninakubali kwamba kila faili lililoshushwa haliwezi kuhesabiwa kuwa santuri iliyokosa kuuzwa. Hilo ni sababu ya kumwacha msikilizaji huyo na kumfuata anayechuma kwa kumtumia.

Pingamizi gumu zaidi ni la wasanii wenyewe: majukwaa halali yanalipa kidogo mno, basi tofauti iko wapi? Malipo kweli ni madogo, na mgawanyo wa Skiza umelalamikiwa kwa miaka. Lakini lalamiko hilo linawezekana kwa sababu kuna mkataba, kuna hesabu ya idadi ya wasikilizaji, kuna ofisi ya kushtaki. Mwenye tovuti ya kubadilisha video za YouTube kuwa mafaili ya sauti hana mkataba na mtu. Youtube-mp3, iliyokuwa kubwa kupita zote za aina hiyo, ilifungwa 2017 baada ya kushtakiwa na kampuni za rekodi za Marekani na Uingereza, na nyingine za namna yake zikaendelea kupatikana kwa kutafuta kidogo tu. Zinaishi kwa matangazo. Ofisi za hakimiliki za Dar es Salaam na Nairobi zingeweza kuanza kwa kuwauliza wanaolipia matangazo hayo, kwa kuwa hao wana majina, anwani na leseni za biashara.