Mbuzi Hali Peke Yake

Ndugu msomaji, huenda umepata kuliona jambo hili nyumbani kwako au kwa jirani: kiangazi kimeingia, mbuzi amefungwa kivulini, na mbele yake liko rundo la nyasi kavu. Hula, tumbo likajaa, lakini mbavu zake zahesabika na maziwa ya watoto yapungua siku hata siku. Mwenyewe hunung'unika, "Mnyama huyu hashibi." Kumbe ameshiba, kilichokosekana si wingi wa chakula, bali ni protini.

Ili kuifahamu sababu, yatupasa tujue jinsi Mwenyezi Mungu alivyoliumba tumbo la mnyama acheuaye. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo lenye vyumba 4. Chumba cha kwanza ni kikubwa kupita vyote, na humo mwaishi vijidudu visivyohesabika, visivyoonekana kwa macho. Mbuzi mwenyewe hawezi kuziyeyusha nyuzi ngumu za majani; vijidudu hivyo ndivyo vimfanyiavyo kazi hiyo. Basi mbuzi hali peke yake: kila tonge huwalisha kwanza wageni wake.

Vijidudu huivunja protini iliyo nyingi ya majani ikawa amonia, na kwa amonia hiyo hujijengea miili. Kisha husukumwa pamoja na chakula mpaka chumba cha nne na matumbo madogo, navyo vikayeyushwa, na miili yao ikawa protini ya mbuzi. Nyasi zikiwa na protini chini ya sehemu 7 hivi katika 100, vijidudu hudhoofika, nyuzi huchelewa kuyeyuka, na chakula hukaa tumboni. Ndiyo sababu mnyama huonekana ameshiba hali amekonda.

Walakini kuzidisha nako si dawa. Amonia ikiwa nyingi, na pasiwepo wanga wa kuvipa vijidudu nguvu ya kuitumia, huingia katika damu, na ini hulazimika kuigeuza ureya. Sehemu ya ureya hurudi tumboni kwa mate, na iliyosalia hupotea kwa mkojo. Amonia ikizidi kwa ghafula huua. Kwa hiyo mbolea ya ureya isiachwe mahali mbuzi aweza kuifikia.

Protini hupatikana katika mashudu ya pamba na ya alizeti, na katika majani ya miti kama mlusina, ambayo yakikauka huwa na protini zaidi ya sehemu 20 katika 100. Lakini mlusina una sumu iitwayo mimosini. Huko Australia, wanyama walioulisha kwa wingi walinyonyoka manyoya na kufanya rovu shingoni. Ajabu ni kuwa mbuzi wa visiwa vya Hawaii waliula bila ya kudhurika. Mtaalamu Raymond Jones alishuku kwamba siri imo tumboni mwao, na katika miaka ya 1980 vijidudu vya mbuzi wale vilipelekwa Australia na kutiwa katika matumbo ya wanyama wa huko. Wakapata kuula mlusina kwa salama! Mwaka 1992 kijidudu kimoja kiivunjacho sumu hiyo kilipewa jina la Synergistes jonesii, kwa kumkumbuka mtaalamu huyo.

Tujifunze nini sisi wenye mbuzi wawili watatu uani? Kwanza, majani mabichi ya mlusina au mashudu kidogo yaongezwe juu ya nyasi za kiangazi, wala yasichukue mahali pake. Pili, mlusina usipite theluthi ya chakula. Tatu, chakula kigeni kianzishwe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au zaidi, ili vijidudu vipate kukizoea.

Vijana wapelekao mbuzi malishoni na wayafahamu haya. Mnyama ni amana mikononi mwetu, naye hana ulimi wa kutueleza kilichompungukia. Ni wajibu wetu kukijua kabla mbavu zake hazijatuambia.