Gitaa Lako Halijafa, Limezibwa Koo

Jumamosi moja jioni hapa Golbanti, kijana wa kwaya alinijia na gitaa la umeme alilolifunga ndani ya gunia la mchele. Akaamkia, akaketi, akalilaza gunia mapajani.

"Mzee, hili limekufa. Nimeambiwa pikapu zimeungua, nitafute jingine."

Nikamwuliza lilianza lini kufa. Akasema tangu mafuriko ya mwishoni mwa 2023 lilikuwa likikwaruza kila akizungusha vile vifundo vyake. Akalipeleka kwa fundi wa redio. Likarudi halikwaruzi tena, ila sauti imezama, kama mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi.

Maelezo hayo ya blanketi yalinitosha. Pikapu iliyoungua hainung'uniki chini ya blanketi, hunyamaza kabisa au hukohoa tu. Tulifungua kibao cha nyuma na kumulika kwa simu. Ndani tulikuta vizungushio viwili vipya, vinang'aa, na mgongoni kila kimoja kimeandikwa B10K. Hapo ndipo gitaa lilipozibwa koo.

Nimeyaona haya mara nyingi kuanzia Garsen hadi Tarasaa, ndiyo maana naandika. Magitaa ya umeme yaliyolala stoo za makanisa na uvunguni mwa vitanda vya vijana wetu, mengi hayana ugonjwa wowote isipokuwa huu. Mtu anaambiwa pikapu zimekufa, anakata tamaa, anauza gitaa kwa bei ya kutupa, na kwaya inahamia kwenye kinanda cha midundo ya kubonyeza. Sina ugomvi na vinanda. Lakini pwani hii ndiyo iliyomtoa Fundi Konde, ambaye miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kusikika na gitaa la umeme. Na kule Tanga, Black Star Musical Club waliliingiza gitaa hilo ndani ya taarabu. Haipendezi sauti hiyo ipotee kwetu kwa ajili ya kifaa kidogo kuliko kifuniko cha soda.

Kwanza tuelewane kwa majina. Pikapu ninayosema si ile gari ya kubebea mizigo. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, nayo hukaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya ule. Ni kidogo mno, mara nyingi haufiki hata volti moja. Kizungushio ni kile kifaa cha miguu mitatu ambacho mafundi wetu hukiita "volyumu" hata pale kazi yake si kupandisha sauti. Na kapasita ni ile punje bapa, ya kijani au ya kahawia, inayoning'inia kwenye kizungushio cha toni.

Sasa, toni inafanya nini? Wengi hudhani inaongeza besi. Haiongezi kitu. Toni ya gitaa la kawaida hupunguza tu: inazitoa sauti kali za juu na kuzimwaga, zinazobaki ndizo unazosikia kama besi.

Fikiria mfereji unaotoka mto Tana kwenda shamba la mpunga. Kando yake kuna mfereji mwingine mdogo wa kumwaga, na mdomoni mwa huo mdogo pametegwa wavu. Samaki wakubwa hawapiti, dagaa wanapita. Sauti nzito ndio samaki wakubwa, sauti kali ndio dagaa, na kapasita ndiyo wavu. Kizungushio cha toni ni lango la huo mfereji mdogo. Ukilifunga, dagaa wote wanaendelea kwenda shambani, yaani kwenye amplifaya, na gitaa linalia kwa ukali wake wote. Ukilifungua wazi, dagaa wanamwagika, na sauti inabaki nzito.

Kwa tarakimu ni hivi. Kapasita ya nanofaradi 47 ikikutana na uzi mzito wa chini, unaotetemeka mara 82 kwa sekunde, huuwekea kizuizi cha omu 41,000 hivi. Mtetemo wa mara 5,000 kwa sekunde, ambao ndio ule mng'ao wa kucha juu ya uzi, unakutana na kizuizi cha omu 680 tu. Mzito anagonga ukuta, mwepesi anateleza.

Lango hilo lina kipimo chake. Gitaa lenye pikapu za koili moja, zile nyembamba, kwa kawaida hutumia kizungushio cha omu 250,000, kinachoandikwa 250K. Lenye pikapu pana za koili mbili hutumia 500K. Toni ikiwa imepandishwa hadi mwisho, sauti kali inayotaka kutoroka inalazimika kwanza kuvuka omu hizo 250,000. Inaona shida, inabaki njia kuu.

Weka sasa 10K ya redio mahali hapo. Hata ukizungusha hadi mwisho, mlinzi wa lango ni omu 10,000 peke yake. Hiyo ni asilimia 4 ya kilichotakiwa. Ni sawa na kuwa na kizungushio sahihi ambacho mtu amekishusha karibu na sifuri, kisha akakigandisha kwa gundi. Na 10K ikiwekwa pia upande wa sauti, kama ilivyokuwa kwenye gitaa la huyu kijana, balaa inaongezeka, kwa sababu pikapu yenyewe ina omu elfu kadhaa ndani ya waya wake, na sasa imebebeshwa mzigo unaokaribiana na uzito wake. Mng'ao unakwenda na nguvu inapungua.

Simlaumu fundi. Kwenye redio, ambako ishara tayari imeshapewa nguvu, 10K au 50K ni kitu cha kawaida, na yeye aliweka kile alichonacho kwenye kopo lake. Kosa ni letu tunaompelekea chombo bila kumwambia namba. Na kusema kweli, gitaa lile halikuhitaji vizungushio vipya hata kidogo. Kukwaruza husababishwa na uchafu, na hapa kwetu kati ya vumbi la kiangazi, unyevu wa mto na chumvi ya upepo wa baharini, uchafu haukosekani. Dawa yake ni ile spree ya kusafishia viunganishi vya umeme. Puliza kidogo kwenye upenyo ulio juu ya miguu, zungusha huku na huku mara thelathini, ngoja ikauke. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na hugusi risasi.

Lakini kama kimeshang'olewa, au kimekufa kweli, kukiweka upya si uchawi. Unahitaji chuma cha kuchomelea, risasi ya redio, waya mwembamba na subira. Kabla ya kukata chochote piga picha kwa simu, picha nyingi, kwa sababu baada ya nusu saa kila waya utafanana na mwenzake.

Kishike kizungushio cha sauti mgongo ukikutazama na miguu ikielekea chini. Mguu wa kushoto unapokea waya kutoka kwenye pikapu, au kutoka kwenye swichi kama pikapu ni zaidi ya moja. Mguu wa kati unapeleka sauti kwenye tundu la jeki, kwenye ile ndimi inayogusa ncha ya jeki. Mguu wa kulia unaunganishwa na mgongo wa bati wa kizungushio chenyewe, na mgongo huo ndio ethi yetu. Hapo ndipo zinapokutana waya zote za ethi: ya pikapu, ya jeki, na ile inayokwenda chini ya daraja la nyuzi.

Kisha toni. Toa kipande cha waya kutoka mguu wa kushoto wa kizungushio cha sauti, pale pale pikapu inapoingilia, ukipeleke mguu wa kati wa kizungushio cha toni. Kutoka mguu wa kulia wa toni weka kapasita, na mguu wa pili wa kapasita uchomelee kwenye mgongo wa bati wa toni. Mgongo huo nao uunganishe kwa waya na mgongo wa kizungushio cha sauti. Mguu wa kushoto wa toni unabaki mtupu, na usione haya, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukijaribu ukakuta toni inafanya kazi kinyume, yaani ukipandisha ndipo inapozama, basi umeshika upande usio wake. Hamisha kapasita iende mguu wa kushoto.

Kuchomelea kwenye mgongo wa bati ndiko kunakowashinda wengi. Bati lile linang'aa na risasi haishiki. Likwangue kwanza kwa msasa au ncha ya kisu, lipake risasi kidogo, kisha ndipo ulete waya. Usiung'ang'anie moto kwa dakika nzima, maana ndani kuna utepe wa kaboni ambao ukiungua umerudi dukani.

Kuhusu kapasita nitasema jambo litakalowaudhi wauzaji. Huhitaji ya bei. Kwa pikapu za koili moja tafuta iliyoandikwa 473, ambayo ndiyo nanofaradi 47, na kwa koili mbili 223, yaani 22. Namba ya tatu inahesabu sifuri, na kipimo chake ni pikofaradi. Umeme wa gitaa ni mdogo kiasi kwamba punje iliyong'olewa kwenye redio mbovu inafaa kabisa ilimradi ni nzima. Zile za mkebe zenye alama ya kutoa upande mmoja ndizo usizitumie. Kwa hiyo redio iliyokufa inaweza kukupa kapasita, lakini kizungushio chake kiache huko huko.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Stratocaster ya Fender iliyotoka mwaka 1954, ambayo magitaa mengi ya bei nafuu yanaiiga, ilikuwa na pikapu tatu na vizungushio viwili vya toni. Kimoja kilishika pikapu ya shingoni na kingine ya katikati. Ile ya karibu na daraja haikupewa toni kabisa. Basi mtu anaweka swichi kwenye pikapu hiyo, anazungusha toni, hasikii tofauti, anaamini gitaa ni bovu. Si bovu, limeumbwa hivyo. Ukitaka toni na huko, tafuta kwenye swichi mguu wa pikapu ya daraja, upande ule zinapoanzia waya za toni, uuunganishe na mguu wa katikati ulio jirani yake. Waya wa urefu wa kidole unatosha.

Na sauti iliyozama si dhambi ukiichagua mwenyewe. Eric Clapton, akiwa na kundi la Cream miaka ya 1960, aliishusha toni hadi chini kwa makusudi na dunia ikaisifu sauti ile. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuipandisha tena.

Kabla sijasahau lile waya la daraja. Wapo wanaolikata wakisema ndilo linalopiga shoti. Waya hilo hupunguza mngurumo, kwa kuwa huziunganisha nyuzi na mwili wako na ethi. Hatari iko kwenye amplifaya inayowashwa na jenereta, plagi imeng'olewa pini ya ethi, na maikrofoni imechomekwa kwenye mashine nyingine. Mkono uko kwenye nyuzi, midomo inagusa maikrofoni, na umeme unapita katikati, kifuani. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa hivyo jukwaani, mjini Swansea, alipogusa maikrofoni isiyo na ethi. Golbanti tunapiga muziki kwenye ardhi mbichi ya mtoni, mara nyingine miguu mitupu. Chomekeni vyombo vyote kwenye laini moja yenye ethi, na pini ya tatu isiguswe na koleo.

Turudi kwa kijana wangu. Ilibidi tumngoje binamu yake arudi kutoka Nairobi, kwa kuwa Garsen na Malindi tulikosa. Barabara ya Luthuli hawakosi. Vilipofika tulikaa kwenye jamvi alasiri moja, yeye akichomelea, mimi nikishika tochi na kumkemea kuhusu moto. Kabla ya kufunga kibao tulichomeka jeki na kugonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Ikajibu "tok", kavu na kali. Alizungusha toni chini, akagonga: "dum". Akapandisha: "tok". Alirudia zaidi ya inavyohitajika, nami nikamwacha.

Ukimtuma mtu dukani usimwambie alete volyumu ya gitaa, ataletewa yoyote. Mwandikie kwenye karatasi. Kwa gitaa la koili moja: vizungushio viwili A250K, kapasita moja 473. Kwa koili mbili: A500K viwili, kapasita 223. Herufi A iwepo, kwa sababu yenye B hufanya kazi lakini mabadiliko yake yote hujikusanya kwenye ncha moja ya mzunguko. Na umwambie apime kwanza unene wa tundu la gitaa na urefu wa shina. Sisi vya kwanza kuletewa vilikuwa vinene mno, ikabidi tupanue tundu kwa tupa.