Kiimbo cha Tarakilishi: Machaguo ya Kompaila katika Programu za Biashara

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba maneno peke yake hayakamilishi maana. Tungo "Mwalimu amefika" ni taarifa kinywani mwa mmoja na swali kinywani mwa mwingine. Kinachozitofautisha ni kiimbo, nacho hakimo katika lolote kati ya maneno hayo mawili. Lugha za tarakilishi, kwa upande wake, hudhaniwa na wengi kuwa hazina utata huo: kilichoandikwa ndicho kinachotendwa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba katika programu za biashara kuna jambo linalofanya kazi inayokaribiana na ile ya kiimbo. Jambo hilo ni machaguo ya kompaila. Mifano itatolewa katika lugha ya COBOL.

COBOL ilianza kubuniwa nchini Marekani mwaka 1959 na kamati ya wataalamu wa serikali na wa kampuni za tarakilishi. Ilichota mengi kutoka kwa FLOW-MATIC, lugha iliyotangulia ambayo ilibuniwa chini ya uongozi wa Grace Hopper. Waasisi wake walikusudia lugha ya hesabu za biashara isomeke kama sentensi za Kiingereza. Ndiyo maana amri zake ni vitenzi kama vile ADD (jumlisha) na MOVE (hamisha). Zaidi ya miaka 60 baadaye, lugha hii ingali inatumika katika benki, kampuni za bima na idara za serikali katika nchi nyingi.

Kompaila na Machaguo Yake

Tarakilishi haielewi sentensi hizo moja kwa moja. Kompaila ni programu inayofasiri matini asilia ya mwandishi hadi lugha ya mashine. Kama mfasiri yeyote, kompaila huhitaji kuelekezwa: ifuate sanifu ipi, ikague makosa kwa kiasi gani, na ifanye nini pale ambapo matini inaruhusu fasiri zaidi ya moja. Maelekezo hayo ndiyo yanayoitwa machaguo. Baadhi yake hugusa umbo tu, kwa mfano kama orodha ya matini ichapishwe au isichapishwe. Mengine hugusa maana yenyewe, na hayo ndiyo yanayostahili kuchunguzwa hapa.

Tarakimu Inayopotea

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika kinachopokea kahawa ya wakulima. Mwandishi wa programu ametenga nafasi ya kuhifadhi idadi ya kilo, akaitangaza kuwa ya tarakimu 4 katika mfumo wa jozi. Kimaumbile, nafasi hiyo huchukua baiti 2, ambazo zinaweza kubeba namba hadi 32,767. Hapa pana mgongano: tangazo linasema kikomo ni 9,999, ilhali chombo chenyewe kinaweza kubeba zaidi ya hapo. Je, kilo 12,345 zikihamishiwa humo, kutatokea nini?

Katika kompaila ya IBM iitwayo Enterprise COBOL, jibu hutegemea chaguo la TRUNC. Likiwekwa TRUNC(STD), kompaila hufuata tangazo: tarakimu ya kushoto hukatwa, na kinachobaki ni 2,345. Likiwekwa TRUNC(BIN), kompaila hufuata ukubwa wa chombo, na 12,345 huhifadhiwa kamili. Lipo pia TRUNC(OPT), ambalo ni namna ya ahadi: mwandishi anaihakikishia kompaila kwamba data haitazidi tangazo, nayo kompaila inatumia njia iliyo ya haraka zaidi. Ahadi hiyo ikivunjwa, matokeo hayatabiriki.

Matini ni ile ile, neno kwa neno. Hata hivyo, kwa chaguo moja mkulima anahesabiwa kahawa yake yote, na kwa jingine anapoteza kilo 10,000 bila onyo lolote kwenye skrini. Hatari hii huongezeka pale programu ya zamani inapohamishiwa kwenye kompaila nyingine yenye machaguo-msingi tofauti. Wakaguzi wanaweza kuisoma matini mchana kutwa wasione kosa, kwa kuwa katika matini hakuna kilichobadilishwa.

Jedwali Lisilo na Mpaka

Chaguo jingine lenye uzito ni SSRANGE. Programu za biashara hutumia majedwali: kwa mfano, jedwali la mauzo ya miezi 12. Ikiwa kwa makosa programu itaitisha mwezi wa 13, ukaguzi wa SSRANGE utaligundua kosa hilo na kulitangaza. Bila ukaguzi huo, programu inaweza kuchukua chochote kilichohifadhiwa baada ya jedwali na kukihesabu kama mauzo. Vibaya zaidi, inaweza kuandika juu ya data isiyohusika, na kosa likaja kuonekana mahali pengine kabisa.

Ukaguzi una gharama yake, kwani hupunguza kasi ya programu. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watumiaji huuwasha wakati wa majaribio na kuuzima wakati wa kazi. Uamuzi huo unaweza kutetewa, mradi umefanywa kwa kujua na kuandikwa.

Mahali pa Kuandika Machaguo

Katika mfumo huo wa IBM, machaguo huweza kuwekwa katika ngazi tatu. Kwanza, wasimamizi wa mfumo huweka machaguo-msingi wakati kompaila inaposakinishwa. Pili, anayeendesha kazi huyataja katika amri ya kuiita kompaila. Tatu, mwandishi huyaandika juu kabisa ya matini, katika sentensi inayoanza kwa CBL au PROCESS. Yaliyo ndani ya matini hushinda yaliyo katika amri, isipokuwa wasimamizi wawe wameyafunga yasibadilishwe.

Kwa anayetumia kompaila ya bure ya GnuCOBOL, amri huwa fupi:

cobc -x -debug kahawa.cob

Hapa -x huagiza programu inayojitegemea itengenezwe, na -debug huwasha ukaguzi wa makosa wakati programu inapoendeshwa. Kompaila hii, isipoagizwa vinginevyo, hukata tarakimu zinazozidi tangazo, -fno-trunc huizuia.

Kutokana na utaratibu huu, busara ni kuandika ndani ya matini yale machaguo yanayogusa maana, pale kompaila inaporuhusu. Yaliyoachwa kwenye amri pekee hukaa katika faili nyingine, au kichwani mwa mtumishi ambaye kesho atastaafu.

Hitimisho

Imebainika kwamba programu ya biashara haiishii kwenye matini yake. Anayeirithi matini bila kuyarithi machaguo yake amepata maneno bila kiimbo, na hana hakika kama alichopewa ni taarifa au swali. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, huu ni uthibitisho kwamba suala la muktadha, ambalo isimu hulishughulikia katika lugha za binadamu, halikwepeki hata katika lugha zilizobuniwa makusudi ili ziepuke utata. Kwa yule atakayeajiriwa kufasiri au kuhariri miongozo ya programu kama hizi, neno dogo lililo juu ya matini lisirukwe kana kwamba ni pambo. Mdharau mwiba mguu huota tende.