Geji ya Turbo na Hatari ya Waya Usio na Fyuzi

Magari mengi ya dizeli yapitayo katika barabara za Kenya yana turbo. Chombo hiki huzungushwa kwa nguvu za moshi utokao katika injini, nacho husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili mafuta yapate kuwaka sawasawa. Baadhi ya wenye magari hupenda kuongeza geji ya kuonyesha msukumo wa hewa hiyo. Mshale ukikaa chini kuliko desturi gari lipandapo mlima, huenda ikawa mpira wa hewa umepasuka. Ukipanda kupita kiasi, injini yaweza kuharibika. Lakini geji iliyofungwa vibaya huleta hasara kuliko faida.

Kwanza, yampasa mwenye gari kujua umeme wa gari lake. Magari madogo hutumia volti 12, na malori mengi volti 24. Geji ya volti 12 ikitiwa umeme wa volti 24 yaweza kuungua.

Kazi huanza kwa kufungua waya wa hasi wa betri. Kisha sensa, yaani kifaa kihisicho msukumo wa hewa, huungwa kwa mpira mwembamba kwenye njia ya hewa iliyo baina ya turbo na injini. Nyaya zake hupitishwa katika ukuta wa bati ulio mbele ya dereva. Tundu lake sharti livishwe mpira, ili makali ya bati yasichubue nyaya gari litikisikapo.

Mbali na nyaya za sensa, geji nyingi zina nyaya tatu. Mmoja huungwa mahali penye umeme wakati ufunguo umewashwa tu, ili betri isiishe gari likilala. Wa pili huenda kwenye taa za dashibodi. Wa tatu hufungwa kwenye chuma cha gari kilichosuguliwa hata rangi ikatoka. Rangi za nyaya hutofautiana. Hivyo karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa.

Lililo kubwa ni fyuzi. Na iwekwe karibu na pale umeme unapochukuliwa, si karibu na geji. Waya uliochubuka ukigusa chuma, umeme hupita kwa wingi na waya hushika moto. Fyuzi hukatika kwanza, lakini haiwezi kuilinda sehemu ya waya iliyo nyuma yake. Ikikatika, na itafutwe sababu. Asitie mtu fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo, na gari ni riziki ya nyumba nzima.