Seva ya Duka Lako: Nani Ana Pasiwadi?

Ni Jumamosi jioni. Duka lako la vifaa vya ujenzi lina keshia watatu, kila mmoja na kompyuta yake. Zote zinasoma bei, stoki na malipo ya till kutoka kwa kompyuta moja iliyo ofisi ya nyuma. Ghafla mashine zote zinakwama. Wateja wameshalipa kwa simu na foleni imefika mlangoni, lakini risiti hazitoki. Unampigia fundi aliyeiweka ile kompyuta. Hapatikani, na yeye peke yake ndiye anayejua pasiwadi.

Tuliza moyo kwanza: pesa haijapotea. Malipo yaliyokamilika yanaonekana kwenye taarifa ya till yako. Kilicho hatarini ni rekodi za biashara: nani alinunua nini, nani ana deni, na stoki iliyobaki ni kiasi gani. Hizo ziko kwenye seva yako, na kuzilinda ni kazi yako.

Seva ni nini hasa?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Inatumia mfumo wa uendeshaji uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa mfano Windows Server au Ubuntu Server. Mfumo huo unaamua nani aingie na afanye nini akishaingia, halafu unaweka kumbukumbu ya yaliyofanyika. Si lazima uwe fundi ili uusimamie vizuri. Anza na mambo haya matano.

1. Kila mtu na akaunti yake

Keshia watatu wakitumia jina moja na pasiwadi moja, siku mauzo yakifutwa hutajua ni nani. Mpe kila mmoja akaunti yake, na ruhusa za kazi yake tu. Keshia anahitaji kuuza. Hahitaji kubadilisha bei wala kufuta rekodi. Mtu akiacha kazi, funga akaunti yake siku hiyo hiyo. Usiifute, izime tu, ili historia ya kazi yake ibaki.

2. Akaunti ya msimamizi si ya kila siku

Kwenye Windows inaitwa Administrator, kwenye Linux inaitwa root. Mwenye akaunti hii anaweza kufanya lolote, hata kukufungia wewe mwenye duka nje. Itumie kwa kazi za usimamizi pekee, kama kuweka programu au kuongeza mtumiaji. Andika pasiwadi yake kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, uifunge na kuiweka kwenye sefu. Fundi akibadilika, pasiwadi nayo ibadilike.

Pia muulize fundi: "Unaingiaje kwenye seva ukiwa nyumbani?" Akisema Remote Desktop imeachwa wazi kwa intaneti nzima, mwambie aifunge na atumie VPN. Wezi wa mtandaoni hutafuta milango kama hiyo usiku na mchana.

3. Usiahirishe masasisho

Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Wengi hawakuwa wameiweka.

Kwa kawaida Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Panga kuyaweka baada ya kufunga duka, kwa sababu mara nyingi seva itahitaji kuzimwa na kuwashwa tena. Na kama bado unatumia Windows Server 2012, jua kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 10 Oktoba 2023. Anza kupanga kuhama.

4. Bekapu moja ikae nje ya mtandao

Juni 2017, kirusi cha NotPetya kiliiangusha mitambo ya kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa kote duniani, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Ilipona kwa sababu stima ilikuwa imepotea, hivyo haikuwa kwenye mtandao wakati kirusi kinapita. Kampuni ilijijenga upya kutokana na nakala hiyo moja.

Usingoje bahati ya stima kupotea. Kuwa na nakala tatu za data yako, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na duka. Diski ya bekapu ikiachwa imechomekwa kwenye seva muda wote, kirusi kitaila pia. Na mara moja kwa mwezi jaribu kurudisha faili kutoka kwa bekapu. Bekapu ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

5. Stima, saa na kumbukumbu

Weka UPS, ili stima ikipotea seva ipate dakika za kujizima taratibu. Kuzimika ghafla kunaweza kuharibu rekodi. Hakikisha saa ya seva ni sahihi, la sivyo muda ulio kwenye risiti hautalingana na ule ulio kwenye meseji ya malipo, na kulinganisha hesabu kutakuumiza kichwa.

Kila wiki, angalia kumbukumbu za seva. Kwenye Windows Server, fungua Event Viewer, sehemu ya Security, utafute namba 4625. Hiyo ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa. Mara moja mbili ni keshia aliyesahau pasiwadi. Mara mia mbili saa nane usiku ni mwizi.

Kumbuka sheria

Majina na namba za simu za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikiibwa na wateja wakawa hatarini kudhurika, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, jiulize: Pasiwadi ya msimamizi iko wapi? Ni nani aliyeacha kazi na akaunti yake bado iko wazi? Bekapu ilijaribiwa lini? Ukikosa jibu hata moja, mpigie fundi leo.

Na PIN yako ya malipo usiihifadhi kwenye seva, wala usimpe fundi. Hata sisi hatutakuuliza kamwe.